Mama, Angalia Pine Mbele ya Kupanda Pikipiki

Somo la afya kwa wamama wa kliniki



Kila siku ya kliniki tunawaona mkifika. Wengine wametembea kwa miguu tangu alfajiri. Wengine wanashuka juu ya pikipiki, mtoto mgongoni, karte ya CPN ndani ya mfuko. Tunafurahi kuwaona, kwa sababu mama anayefika kliniki anapenda uzima wa mtoto wake.

Somo la leo si la chanjo wala la chakula. Ni somo la pine, yaani ule mpira wa gurudumu unaogusa njia. Pengine mtauliza: «Pine inatuhusu nini sisi wamama? Ile ni kazi ya wanaume na mafundi.» Hapana. Wewe na mtoto wako mnakaa juu ya pine ile. Ikiteleza, ninyi ndio mnaanguka. Basi ni nani mwenye haki ya kuiangalia kupita wewe?

Shirika la Afya la Dunia (OMS) lilitangaza mwaka 2023 kwamba ajali za barabarani ziliua watu karibu milioni 1 na elfu 190 duniani kote katika mwaka 2021. Lilisema tena kwamba kwa watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29, ajali hizo ndizo zinazoua kupita kitu kingine chochote. Tunawachanja watoto wetu wasipate surua. Ni vizuri sana. Lakini mtoto aliyechanjwa vizuri anaweza kupotea njiani wakati wa kurudi nyumbani. Kwa hiyo na njia pia ni habari ya afya.

NENO AMBALO VIJANA WANASEMA

Mara nyingi mama anamwonyesha motari pine yake, anamwambia: «Mwanangu, hii pine imekwisha, haina tena meno.» Kijana anacheka. Anajibu: «Mama, usiogope! Hata wale wa kukimbiza moto ku televizio, pine yao haina meno. Na wanakimbia kutupita siye wote!»

Mama ananyamaza, kwa sababu neno lile linaonekana kama kweli. Na kweli, kijana hakusema uongo. Pine za mashindano ya mbio ni laini kama sahani, hazina mistari. Lakini amesema nusu tu ya kweli, na nusu ile inaweza kuvunja mguu wa mtu.

Mama, ukisikia neno lile tena, umjibu hivi: «Mtoto mchanga hana meno, na mzee sana hana meno. Je, wako sawa?» Pine ya mbio ilizaliwa bila meno, kwa kazi yake maalumu. Pine ya kipara ilikuwa na meno, ikazeeka, ikayapoteza. Hazifanani hata kidogo. Tutaeleza sababu.

PINE INAFANYA KAZI GANI?

Pine yenye kujazwa upepo si kitu cha zamani sana. Mwaka 1888, huko Belfast, mganga wa wanyama aliyeitwa John Boyd Dunlop alitengeneza mpira wenye upepo kwa ajili ya kinga ndogo ya magurudumu matatu ya mtoto wake, ili isimtikise sana. Mnaona? Pine hiyo ilianza kwa mzazi aliyemhurumia mtoto wake.

Kazi ya pine ni kushika njia. Pikipiki ni nzito, ina watu wawili au watatu na mizigo. Lakini sehemu ya pine inayogusa njia ni ndogo sana, ndogo kuliko kiganja cha mkono wako. Freni ikifungwa, ni sehemu ile ndogo inayosimamisha vyote. Motari akikata kona, ni sehemu ile ndogo inayowazuia msianguke. Freni inaweza kuwa mpya, na dereva anaweza kuwa hodari. Lakini pine isiposhika, freni na uhodari havina kazi.

Mistari ile, au meno, iko kwa sababu ya maji. Mvua ikinyesha, maji yanatandika juu ya lami. Pine inapofika, maji yanapaswa kutoka haraka ili mpira uguse njia. Mistari ni kama mifereji ya shamba: inapokea maji na kuyafukuza pembeni. Kama hakuna mfereji, maji yanabaki katikati, kati ya mpira na njia. Hapo pine haishiki tena. Inapita juu ya maji.

Kila mama anajua jambo hili kwa miguu yake mwenyewe. Vaa kambambili mpya, tembea penye kufulia nguo: unasimama. Vaa kambambili zilizokwisha chini, pita pale pale penye maji na sabuni: unaanguka. Miguu ni ile ile, mahali ni pale pale. Kilichobadilika ni mistari ya chini tu.

KWA NINI PINE YA MBIO HAINA MISTARI?

Sasa turudi kwa wale wa televizio. Wana sababu zao, na ni vizuri kuzijua.

Kwanza, wanakimbia juu ya njia iliyotengenezwa kwa mbio tu. Haina mashimo, haina mchanga, haina mbuzi wala watoto wanaovuka. Inafagiliwa. Njia ikiwa kavu, mistari haina kazi, kwa sababu hakuna maji ya kufukuza. Mpira wote unagusa lami, kwa hiyo unashika zaidi.

Pili, mpira wa pine ile ni wa namna nyingine. Ni mwororo. Tena unapenda joto. Mbele ya mashindano, pine za pikipiki zinafunikwa na mablanketi ya umeme mpaka zifike karibu digri 80 au kupita. Maji ya kuchemka ni digri 100. Basi mnaelewa ni joto gani. Pine ile ikiwa moto, inanata juu ya njia kama bukari mbichi inavyonata ku mwiko. Ikipoa, inakuwa ngumu na inateleza.

Tatu, haikai muda mrefu. Mashindano makubwa ya pikipiki yanachukua karibu dakika 40. Kisha pine zile zinaondolewa. Motari wetu anataka pine moja ikae miezi mingi.

Nne, na hili ni neno kubwa kupita yote: mvua ikinyesha, hata wale mabingwa hawakubali kubaki na pine laini. Wanabadilisha. Wanaweka pine nyingine yenye mifereji mingi, au mashindano yanasimamishwa. Katika mbio za motokari za Formule 1, wale wanaotengeneza pine za mvua walisema kwamba pine moja inaweza kufukuza lita 85 za maji kwa sekunde moja, motokari ikikimbia kilometa 300 kwa saa. Hesabu mwenyewe: ni bidon 4 za lita 20, na zaidi, katika sekunde moja tu! Mabingwa wa dunia wanaogopa maji. Basi motari wetu anayepanda mlima akibeba mama mwenye mimba, yeye asiyaogope?

Mahali pengine, katika Ulaya na Marekani, watu wengine wananunua pine za namna ya mbio, zenye mistari michache, wanazitumia kila siku njiani, kwenda kazini na kurudi. Sheria za kwao zinaruhusu pine kadhaa za namna hiyo. Lakini wanaozitumia wanaona matatizo yale yale: asubuhi yenye baridi hazishiki vizuri, penye maji mengi zinaelea, na zinakwisha upesi. Kwa motokari, kuna hata alama yake: pembeni mwa pine nyingi kunaandikwa TREADWEAR na namba. Namba ndogo, kama 100 au 200, ni mpira mwororo wa kukwisha upesi. Pine za kawaida za kila siku, mara nyingi namba yake ni 400 au kupita. Kama mtu anataka kumuuzia baba wa nyumba pine ya okazio «ya mbio, ya nguvu sana», mwambie asome namba ile kwanza.

NJIA YETU SI NJIA YA MBIO

Tuangalie kwetu. Huko Bukavu, mvua inaanza mwezi wa 9 na kuendelea mpaka mwezi wa 5. Mji uko juu, karibu metre 1500, na asubuhi ni baridi. Miteremko ni mingi. Huko Lubumbashi mvua inakuwa nyingi tangu mwezi wa 11 mpaka mwezi wa 3. Huko Butembo na Beni, udongo mwekundu ukilowa unakuwa kama sabuni. Katika njia moja motari anapita kaburimbo, kisha mawe, kisha matope, kisha kaburimbo tena.

Jihadharini sana na dakika za kwanza za mvua. Watu wengi wanafikiri hatari inakuja mvua ikiwa kubwa. Lakini mwanzoni, maji machache yanachanganyika na vumbi na mafuta yaliyomwagika juu ya lami, na yote inakuwa utelezi. Mvua ikianza, kama unaweza, ushuke ungojee chini ya baraza. Kuchelewa kliniki si kosa. Tutakupokea.

KILA PINE NA NJIA YAKE

Mama hatumii jembe kukata nyama, wala kisu kulima shamba. Pine nazo ni hivyo hivyo.

Pine ya meno makubwa, yenye nafasi kubwa kati ya jino na jino, ni ya matope na ya porini. Kule inafaa sana. Lakini juu ya kaburimbo yenye maji, ni vichwa vya meno tu vinavyogusa njia, kwa hiyo inashika kidogo, zaidi katika kona. Motari mwenye pine hizo apite polepole mjini.

Pine ya kawaida, yenye mistari ya kadiri, inafaa kwa mji na kwa njia ya udongo iliyokauka. Ndiyo inayowafaa motari wengi wa mji.

Pine laini ya mbio ni ya njia ya mbio, yenye kukauka, na kwa muda mfupi. Kwetu haina mahali.

Pine ya kipara haina njia yoyote. Si pine ya mbio. Mpira wake umekuwa mgumu na mwembamba. Msumari mdogo au jiwe kali linaitoboa upesi, na pine ya mbele ikitoboka kwa ghafula, pikipiki inaanguka.

Kuna tena pine ya kudanganya. Mafundi wengine wanachukua pine ya kipara, wanakata mistari mipya kwa chuma cha moto. Ukiiangalia mbio mbio, unasema ni nzima. Lakini wamepunguza mpira uliokuwa mdogo tayari. Ni kama mtu mwenye nguo iliyochakaa, naye anaitoboa ili ipendeze. Ukiona mistari isiyonyooka, iliyokatwa kwa mkono, usiiamini.

MAMA, UANGALIE HIVI

Haichukui hata dakika moja. Fanya wakati mnapopatana bei.

1. Angalia pine zote mbili, ya mbele na ya nyuma. Wengine wanabadilisha ya nyuma tu.

2. Tia kijiti cha kiberiti ndani ya mstari, ukilaze. Kama kinazama, ni vizuri. Kama kinatokea juu, pine inakaribia kwisha. Kwa motokari, sheria ya nchi za Ulaya inadai mstari uwe na urefu wa milimetre 1,6 kwenda chini, usipungue.

3. Tafuta vipande vidogo vya mpira ndani ya mistari. Aliyetengeneza pine ameviweka kama alama. Kama mpira wa nje umeshuka mpaka umelingana navyo, siku za pine ile zimekwisha.

4. Ukiona nyuzi zinatokea, au uvimbe pembeni, au nyufa nyingi kama udongo wa wakati wa jua, usipande. Hapo hakuna mazungumzo.

5. Bonyeza kwa kidole gumba. Kama inabonyea kwa urahisi, upepo ni mdogo. Aende kwanza kujaza pompi.

6. Soma umri wake. Pembeni, karibu na herufi DOT, kuna namba 4 pamoja. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2319, ilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Pine yenye kupita miaka 10, hata kama mistari iko, mpira wake umezeeka. Hii inafaa sana wakati wa kununua pine ya okazio.

Ukiona ubaya, usimtukane kijana. Sema kwa upole: «Mwanangu, leo sipande. Siku utabadilisha pine, nitakuita.» Wamama kumi wakisema neno moja kwenye parking moja, motari watasikia.

Ukipanda, umwambie aende polepole. Mwendo ukiongezeka mara mbili, njia inayotakiwa kusimama baada ya kufunga freni inaongezeka mara nne. Funga mtoto vizuri, na ufunge ncha za kikwembe zisikaribie gurudumu wala mnyororo. Mbebwe wewe na mtoto wako tu, bila mtu wa tatu.

NA FEZA JE?

Tunajua. Pine mpya ni bei. Motari wengi si wenye pikipiki. Kila jioni wanapaswa kupeleka versement kwa mwenyewe, na kinachobaki ni cha kula. Kijana hatembei na kipara kwa sababu ni mbaya. Anatembea nacho kwa sababu ya umaskini.

Lakini wengi wenu ni mabibi wa motari, au mama zao, au dada zao. Mnaweza kusaidia nyumbani. Ninyi mnajua likelemba: kila mmoja anatoa kidogo, na kila juma mmoja anapokea. Motari watano au kumi wanaweza kufanya likelemba ya pine. Kila mmoja atapata zamu yake mbele ya mvua kubwa. Na baba mwenye pikipiki anayeikodisha, ajue kwamba pine ni deni lake yeye, si la kijana. Mguu uliovunjika unakula feza kupita pine nyingi, na miezi mingi bila kazi.

KAMA MMEANGUKA

Mama mwenye mimba akianguka, aje hospitali siku ile ile, hata kama haoni kidonda, hata kama anasema: «Niko muzima.» Ndani ya tumbo, kondo la nyuma linaweza kuachana na mahali pake bila kuonekana nje. Aje mbio zaidi kama anaona damu, kama tumbo limekuwa gumu au linauma, kama maji yanatoka, au kama mtoto hachezi tena.

Mtoto aliyepiga kichwa, mchunguzeni. Akitapika, akilala usingizi usio wa kawaida, akishikwa na degedege, au maji au damu ikitoka masikioni au puani, msingojee asubuhi. Mleteni.

Penye damu, kandamiza kwa kitambaa safi, usiachilie. Mtu anayelalamika shingo au mgongo, msimwinue kwa kumvuta mikono. Abebwe na watu wengi pamoja, amenyooka, juu ya ubao au mlango.

TUKUMBUKE

Pine ya mbio ni laini kwa sababu ya njia kavu na joto. Mvua ikinyesha, hata mabingwa wanaibadilisha.
Pine ya kipara si pine ya mbio. Ni pine iliyokufa.
Kila pine ina njia yake.
Kijiti cha kiberiti kinatosha kukuonya.
Mama mwenye mimba aliyeanguka anakuja hospitali siku ile ile.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Motari akikuambia kwamba hata watu wa mbio wana pine bila meno, utamjibu nini?
2. Kwa nini dakika za kwanza za mvua ni za hatari?
3. Leo, wakati wa kurudi, nani kati yetu atachunguza pine na kuja kutuambia alichoona?

Mtuambie majibu siku ya kliniki inayokuja. Mungu awalinde njiani, ninyi na watoto wenu.